Kovu la Emily

Juma hili naomba tuzungumze juu ya riwaya ambayo wengi wenu mmeiona mikononi mwa watoto wenu, ingawa yamkini hamkuifungua. Si ya Shaaban Robert wala ya Kezilahabi. Ni riwaya ya Kimarekani yenye mapenzi kati ya msichana wa shule na vijana wawili ambao si watu kamili: mmoja ni mnyonya damu, mumiani kama wangesema wazee wa Pwani, na mwenzake ni kijana anayegeuka mbwa-mwitu akipandwa na hasira. Kitabu chenyewe ni New Moon cha Stephenie Meyer, kilichotoka mwaka 2006, na vinavyokifuata ni Eclipse cha mwaka 2007 na Breaking Dawn cha mwaka 2008. Kabla yake kilikuwapo Twilight, mwaka 2005, lakini humo habari za mbwa-mwitu ni uvumi tu unaosimuliwa ufukweni.

Vitabu hivi niliazimwa na wasichana wawili, dada na mdogo wake, ambao hawapatani juu yake hata kidogo. Nilivisoma vyote vinne jioni za masika, mvua ikipiga mabati, na mvua hiyo ilinisaidia, kwa kuwa hadithi inatukia Forks, mji mdogo wa jimbo la Washington, ambao mwandishi aliuchagua kwa sababu alikuwa akitafuta mahali penye mvua nyingi kuliko kwingine nchini mwake. Yeye mwenyewe ni mkazi wa Arizona, nchi ya jangwa.

Kwa ambaye hakusoma: Bella Swan anampenda Edward, mnyonya damu. Edward anamwacha kwa kuhofia kumdhuru, na Bella anadhoofika kama mtu aliyefiwa. Anayemwinua ni Jacob Black, kijana wa kabila la Waquileute wa kijiji cha La Push kando ya bahari, fundi wa pikipiki, mcheshi, mwenye mwili wa moto hata katikati ya baridi. Kisha Jacob naye anabadilika. Tangu hapo wasomaji waligawanyika kambi mbili, za Edward na za Jacob, hata fulana zikauzwa zenye jina la kila kambi. Hoja za kambi ya Jacob nazielewa upesi: huyu yu hai, anacheka, anakula, na msichana hahitaji kufa ili aolewe naye. Hoja za kambi ya Edward sitazieleza hapa, zimeelezwa mno. (Wapo pia wasomaji wenye kupenda usahihi, watakaokukumbusha kwamba mwishoni mwa Breaking Dawn inasemwa kuwa vijana wa La Push si watu-mbwa-mwitu hasa, bali ni wabadili maumbo tu. Nawashukuru. Nitaendelea kuwaita mbwa-mwitu.)

Ugomvi wa kambi hizo mbili haukunishughulisha sana. Ulionishughulisha ni ugomvi mwingine, mdogo zaidi, unaosikika kwa wasomaji waliorudia kitabu mara ya pili, nao unamhusu mwanamke mmoja ambaye hatajwi kwenye fulana yoyote: Emily Young.

Emily ni mchumba wa Sam Uley, kiongozi wa kundi la mbwa-mwitu. Upande mmoja wa uso wake, tangu kwenye nywele hadi kidevuni, umeraruliwa na kucha, na kinywa chake kimevutwa upande. Watu wa kijijini waliambiwa kwamba alishambuliwa na dubu. Ukweli ni kwamba Sam alipandwa na hasira, akageuka, na Emily alikuwa amesimama karibu mno. Mwandishi anatuingiza jikoni kwa Emily: anaoka mikate, anawalisha vijana wenye njaa, Sam anaingia na kumbusu pale penye kovu. Jikoni pale pamejaa upendo, na Bella, mwenye kuvunjika moyo, anashindwa kuwatazama kwa wivu.

Wasomaji wengi wanalipenda tukio hilo kuliko yote. Wanasema ni ajali, kwamba Sam anajuta kila siku ya maisha yake, kwamba kumpenda mtu pamoja na kovu lake ndio upendo wenyewe. Wengine wanajibu: rudini mkasome Eclipse. Humo Jacob anasimulia jinsi Emily alivyomkataa Sam mwanzoni, tena kwa ukali, maana Sam alikuwa mchumba wa Leah, binamu yake Emily aliyekuwa kwake kama dada wa tumbo moja. Alimkataa hadi siku alipoumizwa. Sam alijichukia mno kwa alilolitenda, hata ikawa mwenye jeraha ndiye anayembembeleza mwenye kucha; na kutokea hapo wakawa pamoja.

Naam, hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja kuandikisha ubatizo wa mtoto, kitenge amekishusha hadi kwenye nyusi. Nilipouliza, alisema amejigonga mlangoni. Nilimpa kiti na chai, nikakaa kimya. Baada ya muda mrefu akasema, kwa sauti ya kumtetea mtu, “Padre, alilia yeye kuliko mimi.” Wale wa La Push wana dubu wao, sisi tuna milango. Yapo mengine aliyoniambia ambayo si ya kuandikwa, lakini neno hilo moja aliniruhusu kulitaja, na msichana niliyemsikia akisifu jikoni kwa Emily alikuwa akilisema neno lile lile bila kujua.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeisikia methali hii ikitumiwa kumfariji mtu, kana kwamba kubakizwa nusu ni baraka. Bibi zetu waliijua vizuri zaidi. Katika ngano walizotusimulia, za msichana anayewakataa wachumba wote wa kijijini kisha anaolewa na mgeni mzuri kupita kiasi, huyo mgeni aghalabu ni zimwi au fisi, na mara nyingi ni mdogo wake bibi harusi, aliyefuata nyuma bila kualikwa, anayeona mkia chini ya kanzu au kinywa cha pili kisogoni. Ngano inakwisha kwa kukimbia. Meyer ameigeuza ngano hiyo: msichana auone mkia, na abaki. Sisemi kwamba kuigeuza ni dhambi. Hadithi hugeuzwa tangu zamani. Ila anayeisoma ngano iliyogeuzwa ni vema awe amewahi kusikia ile nyingine.

Lipo na jambo la chapa. Katika vitabu hivi, mbwa-mwitu akimtazama mwanamke fulani aweza kupigwa chapa moyoni: mara moja, bila kuchagua, ulimwengu wake wote unafungwa kwa huyo mmoja. Ndivyo Sam alivyompoteza Leah na kufungwa kwa Emily. Wasomaji vijana wengi huona raha katika wazo hili, nami siwashangai. Nani asiyetamani kupendwa na mtu asiyeweza kuondoka? Wanaoishi katika nyumba ambazo baba aliondoka wanalitamani zaidi. Lakini chapa hiyo hiyo inampata Quil kwa Claire, mtoto wa miaka miwili, na mwishowe inampata Jacob kwa Renesmee, kichanga cha Bella aliyezaliwa muda huo huo. Kwenye Breaking Dawn, kitabu kilichouza nakala milioni 1.3 Marekani katika siku yake ya kwanza, wapo waliokuwa kambi ya Jacob kwa miaka miwili na ambao walipofika kurasa hizo walikasirika, wengine wakihimizana kurudisha nakala zao dukani.

Watetezi wanajibu, na ni haki kuwasikiliza, kwamba mbwa-mwitu huwa kile anachohitaji yule aliyefungwa kwake: kaka, mlinzi, rafiki, na hayo mengine baadaye sana. Bella mwenyewe anauliza swali tunalouliza sote: je, Claire hatakuwa na uchaguzi? Jacob anajibu kwamba atakuwa nao, ila kwa nini asimchague Quil? Jibu hilo limetajwa kwangu na msichana wa miaka 15 kuwa ndilo jibu la kutisha kuliko yote kitabuni, nami nakubaliana naye. Nikiwafundisha wachumba, nawasomea kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa, kwamba ndoa hufanywa na ukubali wa wahusika wenyewe, na hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kukubali kwa niaba yao. Wengi husinzia. Huyu binti hajawahi kuisoma, wala hana mchumba, lakini ameidai kwa ajili ya mtoto wa kitabuni.

Wakubwa nao walitoa maoni yao, lakini kwa haraka. Filamu ya New Moon ilipotoka Novemba 2009, Monsinyori Franco Perazzolo wa Baraza la Kipapa la Utamaduni aliilaumu kuwa ni ombwe la maadili. Mwaka huo huo mfululizo huu uliingia katika orodha ya vitabu kumi vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba za Marekani. Lawama za jumla namna hiyo humfanya kijana afunike jalada kwa gazeti na kuendelea kusoma. Hazikumwambia lolote juu ya baba yake Bella, Charlie, askari polisi, ambaye binti yake anapobusiwa na Jacob kwa nguvu na kuuvunja mkono kwa kumpiga ngumi, anamsifu kijana.

Wapo wasomaji wengine tunaowasahau, nao ni Waquileute wenyewe, maana kabila hilo ni la kweli na La Push ipo. Masimulizi yao ya kale yanasema kwamba Mbadilishaji aliwafanya mbwa-mwitu kuwa watu. Hayasemi habari za wanyonya damu. Wao na jumba la makumbusho la Burke la Seattle waliandaa maelezo ya kutenganisha riwaya na historia yao. Wakati wageni walipokuwa wakija kutafuta nyumba ya Jacob, wao walikuwa wakitafuta mahali pa juu pa kuhamia, kwa hofu ya mafuriko na tsunami. Mwaka 2012 sheria iliwapatia zaidi ya hekta 300 kutoka katika hifadhi ya Olympic, na mwaka 2022 watoto wao wakaanza kusoma katika shule mpya mlimani.

Wale dada wawili wameniuliza mara nyingi niko kambi ipi. Niko kwa Leah Clearwater. Ndiye mwanamke pekee katika kundi, na kwa kuwa mbwa-mwitu hao husikiana mawazo, analazimika kusikia kila siku jinsi Sam anavyomwaza Emily. Tena anatakiwa asimame kama msimamizi katika arusi yao. Wenzake wanamwona mchungu na wanamchoka. Wasomaji wengi nao wanamchoka, na mwandishi hakumpa mchumba. Lakini katika Breaking Dawn anamweleza Jacob mipango yake: atafute kazi mbali na La Push, achukue masomo kidogo chuoni, ajifunze yoga ili aweze kuitawala hasira yake.