Si Lazima Uwe Jasiri

Kamere, Naivasha

Mwanangu,

Kaka yako ameniambia lile ulilomkataza: kwamba tangu dozi ya pili ya kemo unalia usiku, na mchana unacheka na wageni. Usimgombeze. Nilimchokoa mpaka akasema.

Nianze na usiku. Kati ya tembe wanazotoa kuzuia kutapika, mara nyingi huwamo deksamethasoni. Hiyo hufukuza usingizi na kukufanya uhangaike, na ukishaiacha, siku mbili tatu baadaye moyo unaporomoka. Nilipotibiwa saratani Hospitali ya Kenyatta sikulijua hilo, nikadhani imani yangu imekwisha. Mwambie muuguzi wa kemo, aangalie kama unaweza kuimeza asubuhi. Haitamaliza huzuni yote, lakini sehemu ile ni ya dawa, usiihesabu kuwa udhaifu wako.

Iliyobaki ni huzuni halali. Titi limeondolewa, nywele zinabaki kwenye mto, kazi ya kupakia maua imesimama, na kila anayeingia anakwambia wewe ni jasiri. Mimi sifa hiyo ilinichosha kuliko dripu. Ukishaitwa jasiri, unaanza kuwafariji waliokuja kukufariji. Unawachemshia chai, na wakiondoka huna nguvu hata ya kuosha vikombe. Kataa wageni. Mpe kaka yako kazi ya mlangoni, sauti anayo.

Huku Kamere wanauliza. Ploti zetu unazijua, mmoja akikohoa jirani anampa pole kupitia ukutani. Wapo wanaosema umerogwa, na wengine wamekwisha kukuzika. Nimewajibu kwamba unatibiwa, na anayetaka kujua zaidi alete mchango. Wamepungua sana! Ila wale mama wawili wa chama chenu wamekuja bila maswali, wakalipa kodi ya nyumba yako ya mwezi huu. Hao wapigie simu.

Lakini hata hao hawawezi kukusikia sawasawa, wala mimi, kwa maana nilitibiwa nikiwa na wajukuu nawe una mtoto wa chekechea. Tafuta mwanamke wa rika lako aliyemaliza kemo. Hapo hospitali ya rufaa ya Nakuru (bado naiita PGH) waulize wauguzi kama kuna kikundi cha wagonjwa wa matiti. Mwaka 2020 pekee, wagonjwa wapya wa saratani ya matiti Kenya walikadiriwa kuwa karibu 6,800, kwa hiyo hukuteuliwa peke yako wala hukuadhibiwa. Ukifika Nairobi, shirika la Faraja, lililoanzishwa 2010, hutoa ushauri nasaha kwa wagonjwa wa saratani bila malipo. Na usiikimbie Hospisi ya Nakuru kwa sababu ya jina. Si wanaokufa tu wanaokwenda hospisi; wengi huenda kupunguziwa maumivu na kuzungumza na mtu asiyeshtuka.

Baba mtoto nimesikia hatazami kovu. Usimlazimishe, wala usilifiche kwa ajili yake. Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho: ashughulikie makaratasi ya bima ya afya ya SHA, akuandikie maswali ya daktari, amwone mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kuhusu likizo yako ya ugonjwa. Wanaume wengi hupata maneno mikono ikiwa na shughuli. Asipoyapata, tutajua la kufanya.

Mchungaji akuombee, ila akikwambia uache dozi, mwelekeze kwangu.

Mambo mawili usisubiri hata kidogo. Joto likifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, kwa kuwa kemo hushusha kinga ya mwili. Na ukianza kutamani kufa, au wiki mbili zikipita hakuna kinachokugusa, mwambie daktari kama unavyomwambia kuhusu kidonda. Kuna matibabu ya hilo pia.

Dozi ijayo ni Jumanne. Nitakuja Jumatatu, nipande gari la Naivasha asubuhi kisha niunganishe. Usinipikie. Nitakuja na samaki wa ziwani, na harufu ikikushinda watakula kaka yako na mtoto, nawe nitakukorogea uji.

Shangazi yako