Kiti cha Dada Yetu

Kiti tunachokieleza ni cha mbao, chenye mto wa sufi. Tulikinunua wenyewe Kitengela, mwaka ambao figo za dada yetu mkubwa zilikoma kufanya kazi. Tulikiweka kando ya dirisha, tukamwambia akae astarehe, maana za ulimwengu ameshazimaliza. Tulidhani tumefanya wema.

Mara mbili kwa wiki humpeleka Kajiado kusafishwa damu kwa mashine. Safari yenyewe ni ya kukaa: matatu ya barabara ya Namanga, Isinya, uwanda mkavu mpaka mjini. Huko hulala kando ya mashine kwa muda wa saa 4, kisha hurudi na kizunguzungu, na kiti kinamngoja. Siku nyingine bintiye humletea uji kitini na maji ya udhu kitini. Hata swala, na hapa ndipo tunapoona haya, tulimwambia: "Dada, una rukhsa, swali kwa kukaa."

Sisi tunaosomesha fiqhi twajua kwamba kusimama katika faradhi ni nguzo, na rukhsa ni ya asiyeweza. Dada alikuwa akiweza. Hakuna aliyemwuliza.

Aliyemwuliza ni muuguzi. "Mama, nyumbani huwa unatembea?" Tukajibu sisi, tena kwa fahari, kwamba hagusi kazi yoyote. Muuguzi akanyamaza kidogo. "Shekhe," akasema, "misuli isiyotumika hunyauka, na ya mgonjwa wa figo hunyauka upesi zaidi. Siku akianguka bafuni itakuwaje?"

Tulirudi tukasoma. Uchunguzi wa wagonjwa wa mashine uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba wasiojishughulisha kabisa walikuwa na hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 62, hata baada ya maradhi mengine kutiwa hesabuni. Mtu atasema aliye dhaifu zaidi ndiye akaaye zaidi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini Waitalia walifanya jaribio, matokeo yake yakatoka mwaka 2017: wagonjwa walitembea nyumbani dakika 10, mara mbili kwa siku, katika siku zisizo za mashine. Waliokuwa wakimudu wastani wa mita 328 kwa dakika 6 walifika mita 367 baada ya miezi 6. Wenzao wasiotembezwa walibaki karibu pale pale.

Hatukukurupuka. Tulimwuliza daktari kwanza, kwani mioyo ya wagonjwa hawa haifanani. Akatuusia kwamba siku ya mashine apumzike, mkono unaodungwa sindano usibebe mzigo, na kifua kikibana asite mara moja.

Alianza kwa kutoka chumbani hadi mlangoni. Wiki ya kwanza alilia, nasi tukakaribia kumrudisha kitini, kwa kuwa huruma ni kitu kigumu kukishinda. Sasa hufika mgunga ulio nje ya lango, akarudi.

Juzi tulimkuta katika Alasiri, amesimama rakaa zote nne, akishika ukuta wakati wa kuinuka tu. Alipotoa salamu tukamsogezea kiti kwa mazoea.

"Kalia wewe, mdogo wangu," akasema, akatwaa bakora yake kwenda kuumwagia maji mrehani alioutoa Mombasa.