Siku ya Kuagana Livingstonia

Mtanzania anayetaka kuiona nchi yake vizuri na avuke daraja la Mto Songwe pale Kasumulu, aingie Malawi, afuate barabara ya Karonga hadi Chitimba, kisha apande mlima. Akifika Livingstonia ageuke. Ziwa Nyasa lote liko chini yake, na ng'ambo ya maji imesimama Milima ya Livingstone, safu moja ndefu ya buluu inayoanzia upande wa Matema na kupotelea kusini. Wengi wetu tumezaliwa Rungwe na Kyela, lakini hatukuwahi kuiona milima yetu kwa ukubwa ule mpaka tulipoitazama tukiwa ugenini.

Barabara ya kupanda huko inaitwa Gorodi. Ina kona 20, nyingine kali kiasi kwamba dereva wa matola, pikapu ya abiria, hulazimika kurudi nyuma kidogo ndipo aimalize. Chitimba umeacha joto, mchanga na dagaa wa usipa walioanikwa juani. Juu unakuta baridi ya Julai, miti mirefu na nyumba za mawe. Umepanda mita kama 900 kutoka usawa wa ziwa, na masikio yanakwambia hivyo.

Tulikwenda kwa utume: Wamoravian wa nyanda zetu za juu, walimu, maseremala, muuguzi na wanakwaya, wageni wa ndugu zetu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Kati, Sinodi ya Livingstonia. Kazi yetu ilikuwa katika shule ya msingi ya pale mlimani. Malawi ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1994, watoto wakafurika, na madarasa yamekuwa yakiwafukuzia tangu hapo. Sisi tuliopitia hali hiyohiyo Tanzania baada ya mwaka 2001 hatukuhitaji kuelezwa. Tulikuta darasa la kwanza limeketi sakafuni, magoti kwa magoti, na mwalimu hana pa kuweka mguu.

Asubuhi ya siku ya mwisho maseremala walikuwa bado kazini. Dawati bovu haliharibiki ubao, huharibika maungio. Ulimi unalegea ndani ya tundu lake, mtoto mmoja akitikisika wote wanne wanatikisika, na mwandiko unakwenda upogo. Fundi wetu aling'oa kila kiungo, akakisafisha gundi ya zamani, akapigilia kabari nyembamba ya mbao ngumu, akakibana kwa kamba mpaka kikauke. Kisha alipiga randa. Msichana wa darasa la tatu alikuja akapitisha kiganja juu ya ubao laini, akakirudisha, akaketi, akaweka daftari na kuandika jina lake kwa utulivu mkubwa. Hakusema kitu. Wenzake wakaanza kugombea nafasi zilizobaki.

Inafaa kuelewa kwa nini kazi ya shule inastahili kufanywa mahali hapa kuliko pengine. Wamisionari wa Kiskoti walifika ziwani mwaka 1875, wakaanza Cape Maclear, kusini kabisa. Malaria iliwaua baadhi yao. Mwaka 1881 wakahamia Bandawe, na huko nako makaburi yakaongezeka. Mwaka 1894 kiongozi wao, Dk. Robert Laws, alipanda hadi uwanda huu wa Khondowe, juu ya mbu, akajenga kituo ambacho moyo wake ulikuwa darasa. Palikuwa na chuo cha ualimu, karakana ya useremala na uashi, kiwanda cha uchapaji, hospitali, na mwanzoni mwa karne ya 20 umeme wa nguvu ya maji. Nyumba ya Mawe aliyoishi bado ipo, na kanisa kubwa la matofali lina dirisha la vioo vya rangi lenye sura ya David Livingstone. Lakini mimi naona jengo kubwa kuliko yote ni walimu waliotoka hapa. Mmoja wao, David Kaunda, alikwenda Chinsali, Zambia ya leo, akafungua shule huko. Mwanawe Kenneth ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Zambia.

Na sisi wa Rungwe tuna deni letu wenyewe. Wamoravian wa kwanza waliofika kwetu mwaka 1891 walipitia ziwa hili, wakashukia Karonga. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, ni kanisa la Livingstonia, Waskoti pamoja na watumishi Waafrika wa huku, lililobeba mzigo wa makanisa na shule za Rungwe mpaka miaka ya 1920. Babu zetu walikalishwa darasani na watu wa mlima huu. Ndiyo maana sikupenda tulipoitwa wafadhili. Mfadhili hutoa chake. Sisi tulikuwa tunarudisha.

Kuna kumbukumbu nyingine, nzito zaidi. Maporomoko ya Manchewe, mwendo mfupi kutoka kituoni, yanaanguka zaidi ya mita 100, na nyuma ya maji yana mapango. Wenyeji wanasimulia kwamba wazee wao walijificha humo wakiwakimbia wakamata watumwa. Karibu na Karonga ndiko mfanyabiashara wa watumwa Mlozi alikojenga ngome yake na kuuza watu, mpaka aliponyongwa mwaka 1895, na watu wake walizungumza Kiswahili. Nilisimama pale mbele ya mapango huku watoto wa shule wakinisomesha salamu za Kitumbuka, mwatandala uli, nami nikiwarudishia zetu. Wanajifunza Kiswahili kwa furaha, kwa nyimbo na kwa mpira. Namshukuru Mungu nimeishi kuliona hilo.

Mchana akina mama wa Umanyano, umoja wa wanawake wa kanisa lile, walishika jiko pamoja na dada zetu. Mchele wa Kyela tulioupandisha na sisi ulipikwa katika sufuria zinazopikia uji wa shule kila asubuhi, na harufu yake ilimaliza masomo kabla ya kengele. Watoto walipanga foleni na vikombe vyao vya plastiki, maana sahani hazikutosha, wakala wali kwa vidole huku wamevikumbatia vikombe vifuani.

Ibada ilifanyika nje. Kwaya yao iliimba nyimbo za Kitumbuka, za aina iliyoanza kutungwa na Wakristo wa huku zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa mahadhi yao wenyewe, sauti za kina baba zikiingia chini taratibu baada ya kina mama kuanzisha. Mzee wa kanisa alihubiri Waefeso 2:14, kwamba Kristo amebomoa ukuta uliotenga watu wawili, akawafanya mmoja. Alinyoosha mkono kuelekea ziwani, ambako serikali zetu mbili hazijakubaliana mpaka unapita wapi, wala hazikubaliani jina la maji yenyewe. Hakutaja siasa. Alisema tu kwamba kutoka pale alipo anaona moshi wa mashamba yetu, na sisi bila shaka tunaona wa kwao.

Kisha akatoa ombi ambalo hatukulitarajia. Hakuomba madawati zaidi. Aliomba mwakani watoto wa darasa la saba na walimu wao waje Tukuyu, wafundishe watoto wetu nyimbo, wakae majumbani mwetu, waone ziwa kutoka upande wa pili. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandika majina. Katibu wetu akaipokea karatasi, na kabla hatujapakia vifaa alikuwa ameketi kwenye dawati lililokarabatiwa na ofisa wa shule, wakihesabu nani ana cheti cha kuzaliwa, nani hana, na barua zipi zitahitajika kwenye ofisi za uhamiaji za Songwe na Kasumulu.