Masega ya Mwalimu yalikuwa mazima

Niliuza masega ya gari la mtu, yale ya kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, yakiwa mazima. Naanza na kuuza kwa sababu mafundi tukibanwa huwa tunaungama kosa dogo, "nilikosea kupima", kisha tunanyamaza hapo. Kupima nilikosea, ndiyo. Lakini nilijua nimekosea wakati gari bado liko juu ya mawe na masega bado yako mikononi mwangu.

Gari lenyewe ni Hilux kuukuu ya petroli, silinda nne, ya mwalimu mstaafu wa hapa Nyabiyonza aliyenifundisha hesabu darasa la tano. Siku hizi anabeba ndizi, na msimu wa kahawa ukifika anawapelekea majirani magunia yao chama cha msingi. Alikuja akilalamikia taa ya injini. Gari linavuta vizuri, halimisi, ulaji wa mafuta ni ule ule, ila taa imewaka na imegoma kuzima. Nikachomeka kile kifaa kidogo cha bluetooth chini ya usukani, nikafungua simu, ikaja P0420.

Kwa maneno ya vitabu, namba hiyo inasema ufanisi wa masega umeshuka chini ya kiwango, benki ya kwanza. Gereji nyingi huikata fupi: masega yamekufa. Na mimi ndivyo nilivyoikata.

"Shikamoo tena, Mwalimu. Habari si nzuri. Masega yamekwisha. Ni haya mafuta yetu, yanayaua."

Hata hayo ya mafuta nilijisemea tu. Petroli iliyokuwa ikiua masega ni ile yenye risasi, kwa sababu risasi hufunika platinamu, paladiamu na rodiamu zilizopakwa kwenye vitundu vya kauri, moshi ukapita bila kuzigusa. Petroli ya namna hiyo ilikuwa imekoma kuuzwa karibu kote Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na Hilux ya Mwalimu iliingia nchini baada ya hapo. Maneno yale niliyaokota kwa mafundi wakubwa nilipokuwa saidia fundi, na yana faida moja: mwenye gari hawezi kuyabishia.

Kompyuta ya gari haioni ndani ya masega. Inategemea sensa mbili za oksijeni, moja mbele yake na moja nyuma. Ya mbele hupanda na kushuka muda wote, kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi, kwa kuwa kompyuta inaongeza mafuta kidogo, inapunguza kidogo, inaongeza tena. Masega yakiwa mazima na yameshapata moto, huhifadhi oksijeni na kuitoa inapohitajika, kwa hiyo sensa ya nyuma hutulia, mara nyingi kwenye volti 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikianza kucheza sambamba na ya mbele, kompyuta inakadiria kwamba masega yamechoka na inawasha taa. Ni makadirio. Bomba likiwa na tundu karibu na sensa ya nyuma, hewa ya nje huvutwa ndani kila moshi unapopumua, na sensa inasoma oksijeni ambayo haikupita kwenye injini. Sensa iliyozeeka nayo inaweza kudanganya. Koili au plagi mbovu ni shauri jingine kabisa: hupeleka petroli mbichi kwenye masega mpaka yakayeyuka kweli, na ukifunga mapya bila kutibu koili, utayaua na hayo.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilifungua hata grafu kwenye simu. Sensa ya nyuma ilikuwa inaruka, ila haikuwa inaifuata ya mbele. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, mstari unadondoka ghafla na kupanda tena. Nikikanyaga mafuta, unatulia. Masega yaliyochoka hayapati nafuu kwa kukanyagiwa mafuta. Tundu ndilo hufanya hivyo, maana moshi ukienda kwa kasi hewa ya nje inakosa nafasi ya kupenya. Mtu akiona mstari ule anatakiwa alale chini ya gari na tochi, mwenzake azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara lililoloweshwa, yeye asikilize panapovuja. Au apake maji ya sabuni kwenye maungio atazame mapovu.

Sikulala chini. Nilikuwa nimeshapiga hesabu nyingine. Wanunuzi wa masega wanapita Omurushaka na Kayanga, na ukiwapigia simu wanakuja hadi huku. Madini yale matatu ndiyo wanayoyafuata. Ni gramu chache tu kwa gari moja, lakini mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipanda hadi kupita mara 10 ya bei ya dhahabu, na tangu hapo hakuna kijana wa gereji asiyejua kwamba chini ya gari kuna hela. Mwenye gari ndiye asiyejua.

Boliti zilikuwa zimegandana kwa kutu, nikazikata kwa grenda. Masega yalipotoka, gaskiti ya nyuma ikaanguka. Nikaisogeza kwa mguu.

Mnunuzi alifika jioni ile ile. Akayatikisa karibu na sikio, hayakulia. Akamulika tochi upande mmoja na kuchungulia mwingine. Vitundu vyote vilikuwa wazi, rangi ya kijivu safi, hakuna palipoyeyuka wala kuvunjika. "Fundi, hii nzima. Umeitoa ya nini?" Hakuwa ananisuta, alikuwa anafurahi, na akapandisha bei hadi laki mbili na nusu.

Alipokuwa anahesabu noti nikaiokota ile gaskiti. Ilikuwa imeliwa upande mmoja, pengo la upana wa ukucha wa kidole gumba, na kwenye uso wa flanji pale pale masizi yalikuwa yametawanyika kwa nje kama mkia wa jogoo. Gaskiti mpya Kayanga ni elfu kumi. Barabara zetu za changarawe zinatikisa bomba mpaka boliti zinalegea, na ningeweza kuwaza hilo kabla ya kuwaza rodiamu. Nikapokea hela.

Nikachomelea bomba tupu mahali pa masega. Sensa ya nyuma nikaiwekea kipande cha kuirefusha ili ikae mbali na moshi na isome kwa utulivu. Taa ikazima. Mwalimu akanilipa ufundi, akanishukuru, akauliza kile chuma cha zamani kiko wapi. Nikamwambia ni takataka, nimetupa.

Taa ilirudi msimu wa kahawa. Na sasa gari likisimama linaunguruma, watu wa nyuma wanafikicha macho. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisuta nikamfuata nyumbani. Ukweli ni kwamba nilisikia Mwalimu ameanza kuulizia watu bei ya masega, nikaona bora aisikie kwangu.

"Kwa hiyo yalikuwa mazima?"

"Yalikuwa mazima, Mwalimu."

"Na hela ukala."

"Nilikula."

Hakupandisha sauti. Alitoa kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya mizani ya kahawa: laki mbili na nusu, ufundi nilioutoza, na bei ya gaskiti, ambayo aliitoa kwenye jumla kwa kuwa, alisema, hiyo angeilipa kwa haki. Akanipa nisaini.

Nusu ya deni nimeshalipa. Masega yaliyotumika, yaliyotoka kwenye gari la aina ile ile lililogongwa, nimeyaagiza kupitia fundi mwenzangu wa Bukoba, na nimemwomba ayamulike tochi kabla hajayapakia kwenye basi. Kufunga sitamtoza. Kwa sasa gari likihitaji kuguswa Mwalimu bado analileta kwangu, ila analeta na kigoda, anakaa pembeni mpaka nimalize, na kila kipuri cha zamani ninachotoa anaondoka nacho.