Moto tunaolala nao

Joto ni neema ambayo mtu wa pwani haihesabu. Aliyezaliwa Tanga au Mombasa hufungua madirisha na kuomba upepo. Sisi nasi tulikuwa hivyo mpaka riziki ilipotuleta kaskazini mwa Uingereza, tukajifunza kwamba huku joto hununuliwa na hutunzwa, na asiyelitunza huweza kufa kwalo. Chombo tutakachokieleza leo ni cha nchi za baridi, lakini hatari yake imo pia katika nyumba nyingi za kwetu. Ndiyo maana tumeona tuwaandikie wasomaji wa ukurasa huu wa familia.

Tunamiliki gari la nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo na nafasi ya kutandika miswala. Tulilinunua likiwa limekwisha kutumika, ili watoto wetu watatu wapate kuiona nchi wanayokulia bila sisi kuhangaika na chakula cha hoteli au mahali pa kusalia. Shule zinapofungwa huelekea milima ya Scotland. Huko baridi si ya mzaha: katika kijiji cha Braemar kipimo kimewahi kushuka hadi nyuzi 27.2 chini ya sifuri, mara mbili, mwaka 1895 na mwaka 1982. Familia haiwezi kulala katika gari mahali kama hapo bila moto.

Moto wenyewe huwaka katika hita ya dizeli inayopasha maji. Ni kisanduku kidogo kilichofungwa chini ya sakafu. Pampu ndogo hupeleka dizeli tone kwa tone kutoka katika tangi, ikilia ti, ti, ti kama saa ya ukutani. Hita plagi huiva ikawa nyekundu na kuyawasha mafuta. Feni huvuta hewa ya nje na kuusukuma moshi nje kwa bomba. Moto huo huyapasha maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, na pampu nyingine huyazungusha katika rejeta ndogo zilizomo ndani na katika tangi la maji ya kuogea. Hita ya aina hii hutoa kilowati 5 hivi za joto, na ikiwaka kwa nguvu zote hunywa zaidi kidogo ya nusu lita ya dizeli kwa saa. Kwa neema hiyo tunatawadha kwa maji ya vuguvugu alfajiri ya Desemba, hali nje barafu imeshika vioo.

Majira ya baridi ya pili hita ilianza kutoa moshi mweupe mzito, kisha ikawa inazima yenyewe. Baada ya kukataa kuwaka mara kadhaa, kompyuta yake ilijifunga kabisa. Karakana tuliyoiendea haikuifungua. Ilitutajia tu bei ya hita mpya, bei iliyozidi mshahara wa mwezi wa mmoja wetu. Tukarudi nyumbani, tukaketi na kijitabu cha maelezo. Mmoja wetu alisoma, mwingine akashika spana.

Kijitabu kilitufundisha kwenda kwa utaratibu. Kwanza betri, kwa sababu hita plagi hula umeme mwingi wakati wa kuwasha, na umeme ukishuka kufikia volti 10 na nusu hivi, kompyuta huzima kila kitu. Betri ilikuwa nzima. Pili mafuta: pampu ilikuwa ikilia, na dizeli ilikuwa ikifika. Moshi mweupe nao ni ushahidi, kwani ni mvuke wa mafuta yaliyofika yasiungue. Tatu hewa: bomba la kuvutia hewa halikuwa na majani wala kiota cha mdudu. Ikabaki kuifungua hita yenyewe.

Tuliondoa nyaya za betri, tukabana mipira ya maji ili isimwagike, tukaishusha. Ndani tulikuta masizi magumu kama ukoko wa sufuria, yameziba wavu mdogo unaoyageuza mafuta kuwa mvuke. Hita inayowashwa dakika chache na kuzimwa, au inayoachwa kwa moto mdogo siku zote, haipati joto la kuunguza masizi yake. Tuliyakwangua taratibu, tukabadilisha wavu, tukaweka gasketi mpya kila palipokuwa na ya zamani, maana gasketi iliyokwisha kubanwa mara moja haiaminiki tena.

Tulipokuwa tumelala chali chini ya gari ndipo tulipoona jambo lililotunyamazisha. Klipu ya bomba la moshi ilikuwa imeliwa na kutu, na kiungo kimeachana kiasi cha kupitisha kidole. Pengo hilo lilikuwa chini ya kitanda cha mtoto wetu mdogo. Kengele ya gesi haikuwa imelia hata siku moja, pengine kwa kuwa upepo uliupeleka moshi upande mwingine. Lakini upepo hugeuka.

Moshi ule una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Mtu akiivuta, hushikana na damu yake mahali pa oksijeni. Kichwa huuma, moyo huchafuka, kizunguzungu huja, na aliyelala huenda asiamke kabisa. Tulitafuta bomba jipya na klipu mpya siku ile ile. Tuliporudisha maji tulitoa hewa yote katika mipira, kwani hewa ikibaki, maji hayazunguki na hita huchemka bure. Ilipowashwa ilitoa moshi kidogo, kisha ikatulia, na rejeta zikapata moto. Alhamdulillahi.

Tangu hapo tumejiwekea desturi. Kila mwezi, hata wakati wa kiangazi, tunaiwasha dakika ishirini kwa nguvu zote. Hatukati umeme wake ghafla. Tunaiacha feni ipoze moto mpaka inyamaze yenyewe. Tunaizima kabla ya kuingia kituo cha mafuta, wala haiwashwi ndani ya gereji. Kabla ya baridi kuanza tunalala chini ya gari na tochi, tukikagua bomba la moshi kiungo kwa kiungo. Kengele ya gesi tunaibonyeza kila safari, nayo hubadilishwa muda wake ukiisha. Ama kompyuta yake na nyaya zake tunamwachia fundi mwenye ujuzi huo. Kujua pa kukomea ni sehemu ya ufundi.

Kisha liko suala la usiku. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuacha moto ukiwaka nyumbani watu wanapolala. Moto wa hita umefungwa katika chuma na moshi wake una njia ya nje, lakini baada ya kuiona ile klipu, tulielewa kwamba usalama wote hutegemea kipande cha bati cha bei ndogo. Kwa hiyo tunalipasha gari jioni, tunaizima tunapolala, tunajifunika mablanketi, na saa yake tumeitega iwake kabla ya Alfajiri, wakati tunapoamka.

Ndugu msomaji wa Lushoto, Njombe au Limuru, pengine hutalala katika gari la nyumba maisha yako yote. Lakini usiku wa baridi wapo wanaoliingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Wapo pia wanaomwekea mkaa mzazi na kichanga chake, kwa nia njema kabisa. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu hautoi moshi wa kuonekana, ndiyo maana watu huuamini. Gesi yake ni ile ile iliyokuwa ikivuja chini ya kitanda cha mtoto wetu, na jiko halina hata lile bomba bovu la kuipeleka nje. Mkiota moto, acheni dirisha wazi. Mkitaka kulala, jiko litoke nje kwanza, na blanketi lifanye kazi iliyobaki. Mtu akiamka na kichwa kinachouma pamoja na wenzake wa chumba kimoja, mtoeni kwenye hewa safi mara moja na mumpeleke hospitali.

Watoto hulala bila kuuliza moto umewekwa wapi. Wametuachia sisi swali hilo, nasi hatuna budi kulijibu kila jioni kabla ya taa kuzimwa. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, zilizosimama na zitembeazo. Amin.