Goti la De Lima na Langu

Kanisani kwetu, mtu akisimama kutoa ushuhuda huanza na pale alipokuwa chini, halafu anaruka hadi pale alipoinuliwa. Katikati huwa haisemwi, kwa sababu haina utamu. Nani ataitikia "Amina" kwa habari ya mtu aliyeshinda kitandani akijaribu kukunja mguu? Mimi hiyo katikati ndiyo ninayoijua. Mtu aliyenisaidia kuivuka hajui hata kama nimezaliwa: Ronaldo Luís Nazário de Lima, ambaye wengi wetu humwita De Lima ili asichanganywe na yule Ronaldo Mreno.

Nilikuwa straika wa ligi daraja la tatu, Morogoro. Mwaka 2001 kano inayoshika pia ya goti langu la kulia ilikatika nikiwa nakimbia peke yangu, beki wa karibu yuko mbali. Waliokuwa kandokando ya uwanja walidhani najiangusha. Nilipotazama chini niliona pia imepanda juu, haiko mahali pake. Misuli ya paja huivuta ikikosa cha kuizuia. Hayo nilielezwa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mguu haunisikii.

Habari za De Lima nilikuwa nazo tayari, kama kila kijana aliyevaa jezi namba tisa. Mtoto wa Bento Ribeiro, mtaa wa watu wa hali ya chini Rio de Janeiro. Akiwa na miaka 17 alivuka bahari kwenda PSV ya Uholanzi, kisha Barcelona, ambako msimu wa 1996/97 alifunga mabao 47 katika mechi 49, kisha Inter Milan kwa dau lililovunja rekodi ya dunia. Mchezaji aliyekuwa akichukua mpira katikati ya uwanja na kwenda nao mpaka golini, mabeki wakimning'inia mgongoni. Nilipolazwa, hayo hayakunifaa kitu. Nilitaka kujua habari za goti lake.

Goti lake la kulia liliumia tarehe 21 Novemba 1999, Inter ikicheza na Lecce. Alifanyiwa upasuaji Paris na Profesa Gérard Saillant, akafanya mazoezi kwa miezi karibu mitano. Tarehe 12 Aprili 2000, siku chache tu baada ya mwanawe wa kwanza kuzaliwa, aliingia kutoka benchi jijini Roma, katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Hakumaliza hata dakika kumi. Alijaribu ile chenga yake ya kupitisha mguu juu ya mpira, goti likakatika, safari hii kabisa. Hakuguswa na mtu. Anayetazama picha zile husikia anavyolia, na wachezaji wa timu zote mbili wanashika vichwa.

Kwangu mimi, hapo ndipo hadithi yake inapoanza. Kuumia mara ya kwanza ni ajali, na watu wanakuja na matunda. Kuumia mara ya pili, baada ya kufanya kila ulichoambiwa, kunakuondolea hata sababu ya kuamini unachoambiwa. Madaktari wengi walitilia shaka kama angecheza tena. Alirudi Paris, akapasuliwa upya, na msimu mzima wa 2000/01 hakugusa mpira wa mashindano. Fikiria straika aliyewahi kuwa ghali kuliko wote akiamka asubuhi na kazi yake ya siku ni kukunja goti kidogo kuliko jirani yake mwenye miaka themanini.

Aliyekuwa akinifanyisha mazoezi ya viungo alikuwa mama mmoja mkali, asiyependa mpira hata kidogo. Siku niliyogoma nikamweleza habari za De Lima, kwamba hata yeye lilikatika tena, basi langu nalo litakatika.

"Mwanangu," akasema, "la huyo lilishonwa Ulaya, lako limeshonwa hapa. Zoezi ni lilelile. Kunja."

"Mama, linauma."

"Najua. Kunja."

Sikuwa na maono wala sauti usiku. Nilikuwa na taulo lililoviringishwa chini ya goti, na uchovu wa kuonewa huruma. Fedha ya timu ilikatika mapema, wachezaji wenzangu wakapungua kuja, jambo ambalo siwalaumu kwalo. Mgonjwa wa goti hana habari mpya ya kuwapa wageni.

De Lima alirudi taratibu msimu wa 2001/02. Mechi kumi tu za ligi, mabao saba. Tarehe 5 Mei 2002 Inter ilifungwa na Lazio 4-2, ikapoteza ubingwa siku ya mwisho, na kamera zikamwonyesha akilia kwenye benchi. Wabrazili wengi walikuwa wakimpigia kelele kocha wa taifa Luiz Felipe Scolari amchukue straika Romário kwenda Kombe la Dunia. Scolari akamwacha Romário nyumbani, akamchukua mwenye goti.

Fainali ya Kombe hilo, Yokohama, 30 Juni 2002, kwetu ilianza saa nane mchana. Nilikwenda kibanda umiza nikitembelea gongo moja. Watu hukumbuka mabao yake mawili dhidi ya Ujerumani, manane kwa mashindano yote, na ule upara wenye kishungi mbele ambao watoto waliwalazimisha vinyozi kuwanyoa. Mimi nakumbuka kilichotangulia bao la kwanza, dakika ya 67. Alipoteza mpira, akaanguka, akainuka, akamfuata Mjerumani Dietmar Hamann akamnyang'anya, akampa mwenzake Rivaldo. Rivaldo akapiga, kipa Oliver Kahn akautema, na De Lima alikuwa ameshafika. Kibanda kizima kilipiga kelele kwa bao. Mimi nilipiga kelele kabla yao, pale alipoinuka, na jirani yangu akaniuliza kama nina akili timamu.

De Lima huyo hakuwa yule wa Barcelona. Mbio za kutoka katikati ya uwanja zilikuwa zimepungua. Aliongeza kujua mahali pa kusimama. Naona wanaosema "alirudi kama zamani" wanampunja. Alirudi na pungufu, akafunga nalo, akaenda Real Madrid na kuchukua Ballon d'Or ya 2002.

Mwaka 2008, akiwa na AC Milan, goti la kushoto nalo lilikatika. Akarudi tena, nyumbani Brazil, akatwaa Kombe la Brazil la 2009 na Corinthians. Februari 2011 alistaafu akiwa na miaka 34, akisema waziwazi kwamba mwili umemshinda, na kwamba tezi ya shingo ilikuwa imechangia ule unene waliokuwa wakimcheka.

Mimi ligini sikurudi. Jumapili hucheza maveterani, bado namba tisa, nikisimama karibu na goli kungojea kipa ateme. Wenzangu hulalamika kwamba sirudi kukaba. Ni kweli, sirudi.