Barua Iliyonipandisha Treni

Boston ninayoisema si ile ya Marekani. Ni mji mdogo wa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, wenye mashamba ya kabichi yaliyotandazwa kama sinia na mnara wa kanisa unaouona ukiwa bado mbali sana. Nilihamia huko kwa kazi ya kutunza wazee, na kwa miezi minne sikupanda treni hata mara moja. Kilichonipandisha ni barua.

Wala haikuja kwangu. Ilifika Leicester, kwenye nyumba niliyokuwa nimepanga zamani. Shoga yangu wa Muheza, tuliyekuwa tukiishi pamoja, ndiye aliyepiga simu: "Mwenzangu, kuna barua yako ya afya huku. Niifungue?" Akaifungua. Nilitakiwa kwa daktari wa familia nikapimwe tena mlango wa kizazi, miezi sita baada ya matibabu. Miezi sita! Mimi nilishaingia wa nane, na barua ilikuwa imelala chini ya matangazo ya piza.

Matibabu yenyewe yalikuwa ya dakika chache hospitalini: sindano ya ganzi, kisha kitanzi chembamba cha waya wenye umeme kikaondoa sehemu yenye seli zilizobadilika. Nikatoka kwa miguu yangu nikijua yamekwisha. Mama naye, kule Tanga, alijua hivyohivyo. Nilipomwambia naitwa tena, akashangaa: "Si walishakata? Sasa wanatafuta nini, mwanangu?"

Swali hilo nikasafiri nalo. Sleaford, Grantham, mpaka Nottingham, ambako nilitakiwa kubadilisha treni. Nikakimbilia jukwaa lisilo langu, na treni ya Leicester ikaondoka huku naitazama. Bahati nilitoka na alfajiri. Nilingoja iliyofuata kwenye benchi la chuma, baridi ya Februari ikinipanda kutoka chini, nikitafuna mandazi niliyojifungia kwenye karatasi.

Kwenye kliniki ya daktari, dada wa mapokezi alitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Kumbe unaishi Boston? Ungejiandikisha kwa daktari wa huko, rekodi zako zingekufuata." Nilicheka tu. Nauli ilishaliwa.

Jibu la mama alikuwa nalo nesi. Alinieleza kwamba seli mbovu huondolewa, lakini kirusi cha HPV kilichozibadilisha huweza kubaki, na ndicho wanachokitafuta. Akachukua sampuli kwa brashi laini, akaitia kwenye kichupa cha maji ya dawa. Kirusi kisipoonekana, nitaitwa baada ya miaka 3. Kikionekana, narudi hospitali nikachunguzwe kwa darubini yao. Kwenye skrini yake niliiona barua ya hospitali ya kuniruhusu. Mimi niliidhani ya kuniaga, kumbe ilikuwa ya kunikabidhi: tangu siku ile aliyetakiwa kujua kama nimepimwa ni daktari wa familia, na barua za mwito hutumwa kwenye anwani aliyonayo yeye. Utaratibu huo wa kuwaita wanawake kitaifa ulianza 1988. Una akili nyingi, ila haujui kwamba umehama nyumba.

Dada yangu wa Tanga naye alipimwa mlango wa kizazi, kwa siki, akagandishwa seli kwa baridi kali, akaambiwa arudi baada ya mwaka. Barua haletewi na mtu. Ana kadi aliyoificha kwenye sanduku la khanga, na nesi wa zahanati anayemwita kwa jina la mwanawe wa kwanza na kumkumbusha wakikutana sokoni. Alirudi siku ileile aliyopangiwa. Nikiwa kwenye treni ya jioni, nilimwonea wivu.

Kesho yake nilijiandikisha kwa daktari wa Boston. Baada ya wiki mbili majibu yakatoka: kirusi hakikuonekana. Safari hii barua ilikuja mlangoni kwangu.